Jijue Usomavyo: Mwongozo kwa Mpenzi wa Vitabu

Muulize mpenzi wa vitabu anapenda kusoma nini, atakujibu bila kusita: historia, falsafa, riwaya nzito nzito. Kisha tazama kilicho kando ya mto wake wa kulalia. Pengine ni hadithi ya upelelezi iliyobakiza kurasa thelathini, na ile historia imelala chini ya rundo, alamisho limekwama kwenye sura ya pili tangu zamani. Hajasema uongo. Ametaja ladha anayoitamani, nasi wengi tuko hivyo. Shida huanza anaponunua, anapoazima na kujipangia muda kwa kufuata ladha hiyo ya kutamani, kisha miezi ikipita analalamika kwamba siku hizi hasomi. Kumbe anasoma, tena sana, ila anavyovisoma haviingii kwenye hesabu.

Mwongozo huu ni wa anayesoma kwa hiari yake: hana mtihani, hana mkubwa anayemsubiri na ripoti. Hatua ya kwanza ni ndefu kupita zote, kwa makusudi. Ikifanywa sawasawa, zilizobaki ni nyepesi.

1. Anzisha daftari la usomaji

Tafuta daftari dogo, au faili kwenye simu ukipenda, uandike kila kitabu unachokifungua. Nasisitiza: unachokifungua, hata usipokimaliza. Orodha ya vitabu vilivyomalizwa hukusifia tu; vilivyokushinda ndivyo vyenye habari.

Kwa kila kitabu andika jina lake na la mwandishi, tarehe uliyoanza, namna kilivyokufikia, ukurasa ulipoishia, tarehe uliyomaliza au kuacha, na sentensi moja ya maoni yako. Moja tu. Ukijipa nafasi ya aya nzima utaanza kuandika kama mhakiki wa gazeti, na kufika kitabu cha tatu umeshachoka. Maneno kama "Mwanzo mtamu, katikati mwandishi anahubiri" yanatosha kukukumbusha kitabu hicho hata baada ya miaka.

Sehemu inayorukwa na wengi ni ile ya namna kitabu kilivyokufikia. Usiiruke. Andika kama ni rafiki aliyekusifia, na ni rafiki yupi. Kama ni jalada lililokuvuta. Kama kilitajwa ndani ya kitabu kingine. Kama kilikuwa kwenye orodha ya washindi wa tuzo. Baada ya muda utagundua kwamba kuna mtu ambaye kila anachokuelekeza unakimaliza, na kuna mwingine, mpendwa kabisa, ambaye hajawahi kukupa kitabu kilichokufikisha nusu. Urafiki ubaki, ila ujue pa kwenda unapotaka kitabu.

Jambo hili si geni. Michel de Montaigne, mwandishi Mfaransa wa karne ya 16, alilalamika kwamba kumbukumbu yake ni mbovu kiasi cha kushika kitabu akidhani ni kipya, kumbe alishakisoma kwa makini miaka michache nyuma na kukijaza maandishi yake mwenyewe. Dawa aliyojitengenezea ilikuwa kuandika mwishoni mwa kitabu tarehe aliyokimaliza na maoni ya jumla aliyobaki nayo. Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa karne ya 19, naye aliweka madaftari ya usomaji kuanzia 1838 hadi 1860, yenye orodha ya alivyosoma na orodha ya alivyokusudia kusoma. Orodha hiyo ya pili nawe uwe nayo, lakini ikae mbali na ya kwanza. Ukizichanganya, nia itaanza kuhesabiwa kuwa kazi.

Subiri daftari lifikishe vitabu kumi na tano hivi, kisha lisome kana kwamba ni la mtu usiyemjua. Mtu huyu anamaliza nini kwa siku chache? Anaacha nini, na anaachia wapi? Anayeachia ukurasa wa ishirini kila mara ana tatizo la uchaguzi. Anayeachia katikati huenda anachagua vizuri, ila anasoma kwa vipande vidogo mno, akirudi ameshasahau nani ni mtoto wa nani. Wa kwanza aende hatua ya pili, wa pili aende ya nne.

Kisha usikimbilie kujipachika jina la aina ya kitabu: "mimi mtu wa mapenzi", "mimi mtu wa wasifu". Aina ni kibandiko cha kwenye rafu, humsaidia mkutubi kuliko msomaji. Nancy Pearl, mkutubi maarufu wa Marekani, anasema kitabu kina milango minne ya kuingilia: hadithi yenyewe, wahusika, mazingira na lugha. Kila msomaji ana mlango mmoja au miwili anayopita kwa urahisi.

Kuujua wako ni kazi ya dakika chache. Chukua vitabu vitatu ulivyovipenda kupita vyote, umsimulie mtu. Ukianza na "basi siku moja mtu anaamka anakuta mlango uko wazi", umeingilia kwenye hadithi. Ukianza na "kuna mama mmoja humo, mkali, lakini ukimjua utampenda", umeingilia kwa wahusika. Anayeanza kueleza kisiwa, zama, vita au jangwa ameingilia kwa mazingira. Na yule anayeinuka kwenda kukileta kitabu, "ngoja nikusomee hapa", huyo ni wa lugha, na mara nyingi hata hakumbuki hadithi iliishaje.

Ukishaujua mlango wako, mengi yaliyokuwa yakikushangaza hufunguka. Utaelewa kwa nini ulipenda hadithi moja ya upelelezi ukaichukia nyingine iliyosifiwa vilevile: ya kwanza ilikuwa na mpelelezi mwenye roho yake, ya pili ilikuwa fumbo tupu. Utaelewa kwa nini msomaji wa riwaya anaweza kuzama kwenye wasifu wa mwanasayansi asiyemhusu ndewe wala sikio. Na utaelewa kwa nini watu wawili hulia pamoja juu ya kitabu kimoja, kisha hawakubaliani hata kidogo kuhusu kitakachofuata.

2. Chagua kwa kuonja

Ukurasa wa kwanza wa kitabu umesuguliwa kuliko kurasa zote. Mwandishi na mhariri wake wanajua ndipo utakapoangalia. Usome, ndiyo, lakini ufungue na ukurasa mmoja wa katikati. Hapo ndipo utakapoona mwandishi anaandikaje akiwa hajui kama anatazamwa. Ikiwa ukurasa huo wa katikati, usioujua mbele wala nyuma, unakufanya utake kusoma unaofuata, kichukue.

Sifa zilizochapwa nyuma ya jalada zichukulie kama salamu: ni adabu, wala si ushahidi. Zimeteuliwa na anayekiuza kitabu. Kinachosaidia zaidi ni maoni ya msomaji ambaye hakukipenda na akaeleza sababu. Mtu akikwambia "kitabu hiki kinakwenda polepole, kurasa mia wanazungumza tu", na mlango wako ni wahusika, amekipigia debe bila kujua.

Kwa vitabu visivyo vya kubuni, anza na yaliyomo, kisha faharasa iliyo mwishoni kama ipo. Dakika tano za kupekua faharasa zitakuonyesha kama mada unayoitaka imepewa kurasa arobaini au imetajwa kwa kupita. Soma pia utangulizi; mwandishi asiyeweza kueleza hoja yake katika utangulizi ni nadra kuieleza baadaye.

Vitabu vya tafsiri vinahitaji jicho la ziada. Kazi moja inaweza kuwa na tafsiri kadhaa, moja inateleza na nyingine inakwaruza, na msomaji akamlaumu mwandishi bure. Ukiweza, linganisha ukurasa uleule katika tafsiri mbili. Ukishaamua, nakili namba ya ISBN, ile yenye tarakimu 13 iliyo karibu na msimbopau, maana kila toleo lina yake na ndiyo itakayohakikisha umeletewa toleo hilohilo. Vitabu vya kabla ya 2007 vinaweza kuwa na tarakimu 10.

3. Jifunze kuacha

Hapa ndipo wasomaji wengi hukwama, wenye nidhamu hasa. Wamefundishwa kwamba kuacha kitabu ni uvivu, kwa hiyo wanabaki nacho. Hawakisomi na hawaanzi kingine, kimelala pale kama mgeni asiyeaga. Wiki nane zinapita. Tabia ya kusoma haikuuawa na kukosa muda. Imezuiliwa mlangoni na kitabu kimoja.

Weka kipimo kabla hujaanza, ili usibishane na nafsi yako katikati. Nancy Pearl niliyemtaja ana kanuni inayojulikana sana: kipe kitabu kurasa 50. Ukiwa umevuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, na jibu ndiyo idadi ya kurasa unazokidai. Mwenye miaka 60 anakipa kurasa 40, mwenye 75 anakipa 25. Mantiki yake haina haja ya kufafanuliwa. Mimi huona kanuni hii ina upungufu mmoja: haitofautishi kitabu chembamba na kinene. Kurasa 50 za kitabu cha 120 ni karibu nusu ya safari. Za kitabu cha 800 ni kibarazani tu. Kwa vinene sana kipe sehemu ya kumi, uamue hapo.

Kabla ya kukifunga, jiulize unaacha kwa sababu gani, kwa kuwa kuacha kuko kwa namna mbili. Kuna "si sasa": kitabu ni kizuri, unaona uzuri wake, ila umechoka, una msiba, una kazi nyingi, au kinataka utulivu usio nao. Hicho kirudi rafuni, na ukurasa ulipoishia uandikwe. Na kuna "si mimi": umeelewa mwandishi anataka kufanya nini, na hutaki kuwepo. Hicho kitoke nyumbani, kiende kwa mwenye kukihitaji. Makosa yanayofanyika ni kuvitunza vya pili na kuvisahau vya kwanza.

Ugumu peke yake usiwe sababu. Baadhi ya vitabu humfundisha msomaji namna ya kuvisoma, na somo hilo hula kurasa za mwanzo: majina mengi, wakati unaorukaruka, msimulizi asiyeaminika. Ukiona unasoma taratibu lakini unatafuna, endelea. Ukiona macho yanapita juu ya mistari na hakuna kinachoingia, funga.

Diwani ya mashairi na mkusanyiko wa insha au hadithi fupi havifungwi na sheria hii. Fungua popote, ruka, rudi. Hakuna aliyesema mashairi yasomwe kuanzia namba moja hadi ya mwisho, na shairi linasomwa kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona.

4. Pima mwendo wako, kisha utafute muda

Chukua kitabu cha kawaida unachokifurahia, weka saa dakika kumi, soma bila haraka, kisha hesabu kurasa. Rudia siku nyingine kwa kitabu kizito. Sasa una namba zako mwenyewe, na hizo ndizo za kutumia. Ukisoma ukurasa mmoja kwa dakika mbili, dakika ishirini kwa siku ni kurasa kumi, yaani kurasa mia tatu kwa mwezi: kitabu kizima cha unene wa kawaida. Watu husubiri siku ya mapumziko ili wasome saa nne mfululizo, siku hiyo ikifika inaliwa na mambo mengine.

Dakika ishirini hizo zifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: baada ya kuamka, ukiwa safarini kwenda kazini, kabla ya kuzima taa. Kitabu kikae palepale tendo hilo linapofanyikia. Simu nayo iwe mahali ambapo ni lazima uinuke kuifuata. Ikiwa mkononi utaishika bila hata kuamua.

Kuhusu lile lengo la vitabu kadhaa kwa mwaka, mimi silipendi. Lengo la idadi humfanya mtu akwepe vitabu vinene na kuokota vyembamba ili hesabu ikae sawa Desemba. Ukihitaji lengo, liwe la dakika au la siku ulizosoma.

5. Soma viwili, au vitatu, lakini visifanane

Wapo wanaosoma kitabu kimoja mpaka mwisho, na wapo wenye vitano vilivyo wazi. Hakuna aliye bora. Ukitaka kuwa na zaidi ya kimoja, hakikisha vinatofautiana: riwaya moja, kimoja cha maarifa, na labda diwani. Riwaya mbili za ukoo mkubwa zikisomwa wiki moja zitachanganya wajomba. Pia vigawe vitabu kwa saa: kizito asubuhi kichwa kikiwa chepesi, chepesi usiku.

6. Karatasi, skrini na sikio

Ubishi wa kipi ni kitabu halisi hauna tija. Swali la kujiuliza ni kitabu gani kinafaa kusomwa kwa njia gani.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 54, ulionyesha kwamba watu huelewa maandishi ya maarifa vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa wanaposoma kwa kubanwa na muda. Kwa maandishi ya hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo riwaya isome kwenye chochote ulicho nacho, na kitabu chenye hoja za kufuatilia kitafute cha karatasi. Usiku, simu na tableti zinakumulika machoni na kuchelewesha usingizi. Visomaji vya wino wa kielektroniki, yaani vifaa vya kusomea vyenye skrini inayofanana na karatasi, ambavyo havina taa yake havina shida hiyo.

Skrini ina faida ambazo karatasi haitazipata. Unakuza herufi macho yanapochoka. Unatafuta jina la mhusika uliyemsahau. Na vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha vinapatikana bure: Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1971, ina makumi ya maelfu.

Kitabu cha sauti ni polepole kuliko macho. Msimulizi husoma kwa mwendo wa kuzungumza, hivyo kitabu ambacho ungekimaliza kwa saa tano au sita kinaweza kuchukua tisa. Lakini saa hizo ni zile ambazo mikono ina kazi na akili iko huru: kufua, kutembea, kupiga pasi. Chagua vyenye msimulizi mmoja na mtiririko ulionyooka. Wasifu, kumbukumbu za maisha na hadithi za kusisimua vinakubali sana sikio. Vyenye majedwali, tarehe nyingi au wahusika arobaini viachie macho. Kabla ya kuchukua kitabu cha sauti sikiliza dakika tano za sampuli, kwa sababu sauti ikikukera hakuna hadithi itakayokuokoa. LibriVox, tovuti ambako watu wa kujitolea wamekuwa wakisoma vitabu vya zamani tangu 2005, ni mahali pazuri pa kujaribia bila gharama, ingawa ubora wa wasomaji unapanda na kushuka.

7. Alama pambizoni

Kwenye kitabu chako mwenyewe tumia penseli. Weka mstari mfupi pambizoni, usipigie mstari sentensi nzima. Ukurasa uliopigiwa mistari kila mahali haukumbushi kitu. Kisha, ukurasa mtupu wa mwisho, andika namba za kurasa ulizotia alama na neno moja la kujikumbusha. Darwin alifanya hivyo. Yeye pia, kwa ushuhuda wa mwanawe Francis, alikuwa akikikata kitabu kizito vipande viwili ili kiwe rahisi kushika. Mwenye ujasiri huo ajaribu kwa vyake.

Kitabu cha kuazima hakitiwi alama, hakikunjwi ukurasa. Vipande vya karatasi vinatosha.

8. Rundo la visivyosomwa

Rundo si dhambi, ila likikua sana huanza kukusuta. Mara mbili kwa mwaka lishushe lote sakafuni. Kila kitabu kisome ukurasa mmoja, hapo hapo. Kinachokuvuta kirudi juu. Ambacho huwezi kukumbuka kwa nini ulikitaka, kigawe. Viache vichache uvipendavyo kwa ajili ya kurudia kusoma, maana kitabu kilichosomwa ukiwa na miaka ishirini hakisomeki vilevile ukiwa na arobaini.

9. Kuazimisha na kusoma pamoja

Wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga, na vitabu ni ushahidi. Azimisha ukiwa tayari kutokiona tena, au usiazimishe. Kile ambacho moyo hauwezi kukiacha, sema tu kwamba hicho hakitoki. Anayeelewa vitabu ataelewa. Kinachotoka kiandikwe jina la aliyekichukua na tarehe, mbele yake, bila aibu.

Kikundi cha kusoma kiwe cha watu watano hadi wanane. Zaidi ya hapo wawili watasema na wengine watatikisa vichwa. Kila mmoja achague kitabu kwa zamu yake, na aliyechagua asianze kuzungumza, kwa sababu akianza kwa kukitetea wengine watameza maoni yao. Waulizwe kwanza walioachia njiani: waliachia wapi, na kwa nini. Hao wasizuiwe kuja kwa kuwa hawakumaliza. Mara nyingi wao ndio wanaoyaanzisha mazungumzo yenyewe. Kurasa zisizidi 250 kwa mwezi, na kitabu kijacho kitajwe kabla watu hawajainuka.